Chale za Khadidja

Hakuna mtu anayejua kuugua Bujumbura nzima kama Asiya wa mtaa wa Buyenzi, na yeye mwenyewe hajawahi kulazwa hospitali hata siku moja. Mwambie augue pumu, mabega yatapanda na sauti itakatika mpaka wewe ndiye utafute dirisha la kufungua. Mwambie augue mawe ya figo, atajikunja hadi uone aibu kwamba u mzima. Ndiyo kazi yake. Katika shule moja ya udaktari kule Kinindo, shule ya mtu binafsi yenye ukuta mweupe na majani yaliyokatwa vizuri, Asiya ni mgonjwa wa kuigiza. Analala kitandani, mwanafunzi anaingia, anamuuliza maswali, na walimu wanatazama kama huyo daktari wa kesho anajua kuuliza.

Kipaji hicho hakukipata Kinindo. Buyenzi wanamjua tangu usichana wake. Kwenye arusi, ile siku ya wanawake peke yao, watu wakishakula pilau na kupakana hina, walikuwa wanamsukuma katikati awaigizie: mwenye duka bahili, shehe mwenye mafua, bibi arusi anayelia huku anachungulia zawadi. Wanawake walicheka hadi mitandio ikawadondoka. Wengine hawakumpenda, maana aliyecheka leo aliigizwa kesho. Huyo ndiye Asiya, mwenye ulimi mkali na macho yasiyosahau. Ukimchokoza, ujue utajikuta kwenye arusi ya watu usiowajua, unachekwa.

Asiya alikuwa na mtoto mmoja tu, Khadidja, aliyemzaa na mumewe Anouar, fundi wa magari. Khadidja alikuwa msichana wa kuruka kamba na kujibu kabla hajaulizwa. Mtaani hakuna aliyemwita Asiya kwa jina lake. Aliitwa Mama Khadidja, na alipenda jina hilo kuliko dhahabu aliyopewa siku ya ndoa.

Siku moja mtoto aliamka tumbo linamuuma kitovuni. Akakataa chai. Kufika mchana maumivu yakahamia chini, upande wa kulia, mwili ukawa moto na akaanza kutapika. Asiya hakungoja mtu. Alimbeba mgongoni mpaka kwenye dispansari ya jirani, kwa Docteur Bonfils, aliyekuwa ndiyo kwanza amerudi na diploma kutoka Ulaya. Watu walisema daktari yule akikugusa tu umeshapona nusu.

Basi Khadidja hakuguswa. Docteur Bonfils alikaa nyuma ya meza yake, simu sikioni, akawa anauliza kwa kidevu. Ana homa? Ana homa. Anatapika? Anatapika. "Ni palu," akasema, na palu ndivyo tunavyoiita malaria huku kwetu. Damu ilipopimwa haikuonyesha malaria. Akasema vipimo vya siku hizi vinadanganya, akamwandikia dawa.

Kesho yake Asiya alirudi. Mtoto alikuwa anatembea ameinama kama kikongwe, na ndani ya teksi alilia kila gurudumu lilipoingia shimoni. Daktari hata hakusimama.

"Mama, dawa ya palu haifanye kazi mu siku moja," akamwambia. "We uko na haraka ya nini?"

Siku iliyofuata tumbo la mtoto lilikuwa gumu kama ubao. Asiya alimpeleka kwa mbio, na Khadidja akakata roho palepale kwenye benchi la mapokezi, kichwa chake kiko juu ya paja la mama yake.

Hapo ndipo daktari alipoinuka. Anouar alikuwa ameshafika, mikono ina grisi, na nyuma yake mama yake mzazi, Bibi Houda, mwanamke ambaye neno lake Buyenzi halirudishwi. Docteur Bonfils akalifunua gauni la mtoto kwa mara ya kwanza, na kwenye tumbo, upande wa kulia, akaona chale tatu ndogo. Chale hizo alizichanjwa na bibi yake mzaa mama, kwa wembe, alipokuwa mchanga mwenye tumbo la kujaa gesi, zikapakwa dawa ya majani. Ni desturi ya nyumba yao. Asiya mwenyewe anazo, mahali palepale, kwa mkono uleule. Zilikuwa zimepona tangu Khadidja hajaota meno. Lakini daktari aliyeanza kulitazama tumbo mtoto akiwa ameshakufa angejuaje kovu la zamani na kidonda cha jana? Au alijua, akaona hapo ndipo pa kutokea.

"Munaona?" akawaambia Anouar na mama yake. "Munapeleka mutoto kwa wachanjaji, munamukata na wembe, kisha munaniletea akiisha kuharibika. Mama yake njo alimuchelewesha. Mimi ningefanya nini?"

Asiya akasema, "Izo ni za utoto. Docteur, nilikuja juzi. Nilikuja jana."

Nani amsikilize? Mmoja alikuwa na koti jeupe, mwingine alikuwa na kitenge kilichoroa machozi. Bibi Houda akalitazama koti, akakitazama kitenge, akachagua.

Nitakuambieni alichofanya, nanyi mpime. Kwetu mtoto wa kike akifa huoshwa na wanawake wa kwao, na mama mwenye nguvu ya kusimama huwa wa kwanza kumwagia maji. Ni huduma ya mwisho, hakuna nyingine baada yake. Asiya alishakunja mikono ya nguo yake, ameshika kata, alipofika mlangoni pa chumba Bibi Houda akasimama mbele yake. "Mikono yenye ilimuua haitamuosha," akasema, mbele ya wanawake wote. Asiya akakaa kwenye ngazi ya nje akayasikiliza maji yakimwagika juu ya mwanawe. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, lakini uchungu ule nadhani hata mzazi huwa hapewi wote kwa mara moja.

Talaka ilikuja kabla ya arobaini. Na jina nalo likaenda. Bibi Houda alianza kumwita Asiya, kavu, na mtaa ukamfuata. Asiya akarudi kwa mama yake akafungua meza ya vitenge sokoni, na arusini hakuigiza tena. Mbaya zaidi ni kwamba yeye mwenyewe alifika mahali akaanza kuamini. Alikuwa akijifungia chumbani, anaitazama mikono yake, anajiuliza kama kweli alichelewa.

Miaka ikapita. Jirani yake aliyefanya usafi kule Kinindo akamwambia shule inatafuta watu wa kujifanya wagonjwa. "We njo unaweza ile kazi," akamwambia, yaani wewe ndiye unayeiweza. Asiya akaenda kwa kutaka kujua tu. Siku ya kwanza amesimama kwenye baraza, gari likaingia, na akashuka Docteur Bonfils. Sasa alikuwa profesa, tumbo limemtangulia, miwani ya rangi ya dhahabu.

"Mama, karibu sana," akamwambia, akampa mkono. "We njo mugonjwa yetu mupya?"

Hakumjua. Angalau angemkumbuka akageuka njia, angalau angeona haya. Alimtazama usoni akaona mama fulani wa Buyenzi, mmoja katika wale maelfu. Asiya alipata hasira iliyomkausha mate. Alikuwa amekuja akiwa na nia ya kuondoka mapema, lakini kwa sababu ya salamu ile akabaki. Alitaka kumwona vizuri.

Na alimwona. Docteur Bonfils alikuwa mwalimu hodari, tusimnyime haki yake. Kila mwezi wa kumi, wanafunzi wapya wakiingia, aliwapa hotuba moja aliyoipenda kuliko mkewe. Aliwaeleza habari za madaktari wa Marekani miaka mia mbili iliyopita. Kijana aliyetaka udaktari wakati ule, alisema, alikwenda kukaa kwa daktari mkubwa, anamfagilia chumba, anamtwangia dawa, anamshikia farasi. Halafu alinunua tiketi za kuingia darasani, akasikiliza mihadhara msimu mmoja wa baridi, na msimu wa pili akasikiliza mihadhara ileile tena, neno kwa neno. Wengi walipewa diploma hawajawahi kumgusa mgonjwa shuleni. Wakatoka wakawafungua watu mishipa wakawatoa damu kwa kila ugonjwa, wakawanywesha dawa ya zebaki mpaka fizi zikaoza. Mgonjwa akifa, walisema ugonjwa ulikuwa mkali, au jamaa zake walichelewa.

"Kwa nini waliua?" aliuliza hapo, akinyanyua kidole. "Hawakukuwa wajinga. Walisoma sana. Waliua kwa sababu waliamini midomo yao kuliko mikono yao. Njo maana hapa kwetu, mugonjwa anaguswa."

Wanafunzi walipiga makofi. Asiya alikuwa amelala kwenye kitanda cha maonyesho, shuka mpaka kifuani, anatazama dari. Hotuba ile aliishika yote kichwani, na sauti yake, na kikohozi chake, na kidole.

Muhula mmoja alipewa ugonjwa ambao hakuwa ameuigiza bado. Msaidizi wa profesa, daktari kijana aitwaye Béatrice, mzaliwa wa Uvira, ndiye aliyekuwa anawafundisha wagonjwa wa kuigiza jinsi ya kuugua. Akakaa naye kwenye baraza, akamwambia taratibu. "Mama Asiya, maumivu inaanzia kwa kitovu. Hautaki kula kitu, hata chai. Kisha inashuka huku chini, kuume. Unatapika, unapata homa. Unatembea umeinama. Teksi ikiingia mu shimo, unalia. Docteur, munganga wako, akikufinya polepole inauma, lakini akiachilia mukono, njo inauma zaidi."

Asiya akamuuliza unaitwaje ugonjwa huo.

"Appendicite. Ni kidole kidogo cha utumbo, kinaoza. Wakipasua mapema, mutu anapona. Hata mutoto. Wakiacha, kinapasukia mu tumbo."

"Na watu wanauchanganya na palu?"

"Mwenye hagusi tumbo, ndiyo."

Asubuhi ile Asiya aliigiza ugonjwa huo kwa mwanafunzi mmoja baada ya mwingine. Aliigiza vizuri mno, hata Béatrice akamshika bega akamuuliza kama yuko salama. Alikuwa amefundishwa, hatua kwa hatua, jinsi mwanawe alivyokufa, na akaambiwa awe anarudia mpaka kengele ilie. Aliporudi nyumbani aliitazama mikono yake tena. Safari hii haikuwa na kosa lolote. Kosa lilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe alikuwa na miwani ya rangi ya dhahabu.

Kimya kingi kina mshindo mkuu. Asiya hakumwambia mtu. Angekwenda kupiga kelele getini, wangesema mama wa Buyenzi amerukwa na akili, na koti jeupe lingeshinda tena. Alitaka daktari aseme kwa kinywa chake. Na alitaka Bibi Houda asikie kwa masikio yake.

Mwaka ule shule iliamua kufungua milango kwa wageni, wazazi waje waone wanavyofundishwa watoto wao. Turubai likafungwa bustanini, viti vikapangwa, na mbele jukwaa lenye kitanda kimoja. Docteur Bonfils mwenyewe ndiye angeongoza. Mwanafunzi bora, Lisette, angempima mgonjwa mbele ya watu, na mgonjwa bora ni nani kama si Asiya? Ugonjwa waliokubaliana ulikuwa palu, kitu chepesi ambacho wageni wote wanakijua.

Asiya akapitisha maneno kwa jirani wa Bibi Houda: Kinindo siku hiyo wanapima tansio, yaani presha ya damu, bure, na kuna jusi ya matunda. Bibi Houda anapenda kupimwa tansio kama wengine wanavyopenda kusengenya, na jusi ya bure haijawahi kumkuta amekataa. Akamwamrisha mwanawe ampeleke. Asiya akiwa nyuma ya pazia aliwaona wanaingia, Anouar ameota mvi, mama yake na mkongojo na mtandio mpya, wakaketi safu ya mbele kabisa. Akasoma Bismillahi akapanda jukwaani.

Sasa sikilizeni hatari yake. Lisette alikuwa hajui lolote. Alikuwa ameambiwa palu, na Asiya alikuwa amekusudia kumletea jambo jingine. Binti yule angesema palu tu, kama alivyoagizwa, basi miaka yote ya kungoja ingemwagika mbele ya Bibi Houda, na daktari angepigiwa makofi. Yote yalikuwa juu ya jambo moja: je, msichana huyu atalishika tumbo?

"Bonjour, mama," Lisette akasema. "Ni nini iko inakusumbua?"

"Tumbo, munganga. Ilianza hapa kwa kitovu. Sasa imeshuka huku." Asiya alikuwa amejikunja, na sauti yake ilikuwa imekwisha kuwa ndogo, nyembamba, ya mtoto. Kwenye safu ya mbele Anouar alikiinua kichwa. "Sitaki chai. Mama asinipandishe mu teksi. Ikiingia mu shimo inauma."

Lisette akasita. Akauliza homa, akauliza kutapika. Docteur Bonfils alitazama saa yake, maana kulikuwa na wageni wakubwa kutoka Kigobe waliokuwa wanangoja hotuba, akamwinamia mwanafunzi wake na kusema kwa sauti ya chini ambayo kitandani ilisikika yote: "Ni palu, Lisette. Malizia."

Binti akamtazama profesa. Akamtazama mgonjwa. Asiya aliyafumba macho, na moyo ulimdunda kuliko moyo wowote aliowahi kuuigiza.

"Mama," Lisette akasema, "unaniruhusu niguse tumbo?"

Tangu aanze kazi hiyo Asiya alikuwa amekataa kufunuliwa tumbo. Wanafunzi walimshika juu ya nguo, na shule ilikubali, kwa heshima ya dini yake. Siku hiyo, mbele ya hadhara, alikivuta kitenge juu kiasi cha kiganja, na wanaume wenye adabu wakainamisha macho. Bibi Houda akasema astaghafirullah, ila yeye hakuinamisha.

Lisette akafinya polepole, kushoto kwanza, halafu kulia. Akaachilia mkono ghafla. Asiya akalia. Hakulia kwa sauti kubwa. Alilia kile kilio kimoja alichokisikia ndani ya teksi, na Anouar akasimama bila kujua kwamba amesimama.

"Docteur, samahani," Lisette akasema. "Hii si palu. Ni appendicite. Huyu apasuliwe leo."

Docteur Bonfils alishangaa kidogo, kisha akafurahi. Alidhani Béatrice amebadilisha mchezo ili kumpima binti, na binti amepasi. Akawageukia wageni, mikono ameikunjua. "Munaona? Nilimujaribu, nikamwambia palu, akakataa. Njo kusoma, hiyo." Makofi.

"Docteur," Asiya akasema akiwa amelala vilevile. "Munganga wa kwanza aliniambia ni palu. Hakunigusa. Nikarudi kesho yake, hakunigusa."

Wageni wakacheka, wakifikiri bado ni mchezo. Naye profesa akaingia mwenyewe kwenye mtego wake alioupenda. Akawapa Marekani yote, farasi, tiketi za darasa, damu, zebaki, kidole juu. "Huyo munganga wa kwanza," akamalizia, "ni ndugu ya wale. Koti ni jeupe, lakini mukono haufanye kazi."

"Na izi chale, Docteur? Si njo ziliharibu tumbo?"

Akainama, akazigusa kwa ncha ya kidole. "Izi? Izi ni za zamani, mama. Zilipona kitambo. Hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anaona."

"Na mugonjwa akikufa, kosa ni ya nani? Ya mama yake?"

"Apana," akasema Docteur Bonfils, kwa sauti iliyofika mpaka getini. "Mama alimuleta. Mama alifanya kazi yake. Akikufa, munganga njo amemuua."

Asiya akakishusha kitenge. Akaketi, akazitia nywele zake ndani ya mtandio, bila haraka.

"Asante, Docteur. Mutoto aliitwa Khadidja binti Anouar. Alikuwa na chale hizi hizi, za mukono wa mama yangu. Munganga ni we. Baba yake ni yule mwenye amesimama, na bibi yake ni yule."

Mkuki kwa nguruwe mtamu. Docteur Bonfils aliivua miwani, akamtazama Asiya, na kwa mara ya kwanza tangu wakutane mtu aliona kwamba anamtazama. Kumbukumbu zilimjia polepole, zikianzia kwenye benchi la mapokezi nadhani, maana alikitazama kitanda kwa hofu. "Madame," akasema, "hapa si mahali yake."

"Hata ile siku haikukuwa mahali yake," Asiya akamjibu. "Lakini ulisema."

Akashuka jukwaani akapita mbele ya Bibi Houda bila kusimama. Kikombe cha jusi kilikuwa kimempindukia bibi mapajani na hakuna aliyekuwa na habari nacho.

Mtaani habari ilifika kabla yake. Kufika Ijumaa, wanawake waliopitia mezani kwake walianza tena: vipi, Mama Khadidja, kitenge hiki bei gani, Mama Khadidja. Anouar naye alikuja, akasimama mbele ya meza, akasema labda mambo yanaweza kurudi. Asiya akamwambia maji yakimwagika hayazoleki, na akamwomba asogee kidogo, anamzibia wateja.

Bibi Houda alikuja wa mwisho, kwa mkongojo, akakaa kwenye kigoda bila kukaribishwa. Alikuwa amezeeka kwa wiki moja.

"Mama Khadidja," akasema. Jina hilo lilimtoka kwa shida. "Nilikukosea. Mi siko na siku nyingi. Nikikufa, ninataka we njo unioshe. Nikienda bila ile, nitaenda namna gani mbele ya Mungu?"

Watu wema wangelia hapo na kukumbatiana. Asiya aliendelea kukunja vitenge vyake mpaka rundo likaisha.

"Mwosha huoshwa, Bibi. Nitakuosha," akasema. "Na kila kata nikikumwagia, nitakutajia jina ya Khadidja. Kichwani, mabegani, mpaka kwa miguu. Na hautaweza kunisimamia mulangoni."

Bibi Houda akainamisha kichwa, akakubali. Angali hai hadi leo, na wanasema anaoga mara nyingi kuliko zamani.

Akabaki daktari. Alikuja sokoni mwenyewe, jua la mchana, viatu vyake vizuri kwenye matope, akaomba msamaha. Asiya hakumjibu kwa maneno yake mwenyewe. Alikishika kitenge kilichokunjwa akakiweka sikioni kama simu, akainua kidevu, akasema kwa sauti ya Docteur Bonfils ya ujana: "Ana homa? Ni palu. We uko na haraka ya nini?" Wauza mboga wakageuka. Daktari akajiona mzima mzima, na jasho likamtoka.

"Kuna arusi nyingi Buyenzi," Asiya akamwambia. "Ninaweza kukuigiza mu kila moja, mpaka watoto wao wakuigize. Ao utanifanyia kitu kimoja. Ile hotuba yako ya Amerika, ukiisha kumaliza wale wenye farasi, utasema ya Khadidja. Jina yake, na jina yako. Kila mwaka. Na mi nitakuwa nimelala pale, nasikia."

Akakubali. Angefanyaje? Wakuu wa shule walitaka jambo linyamaze, lakini Béatrice na Lisette walisema wazi kwamba Asiya akiondolewa nao wanaondoka, hivyo akabaki na kitanda chake. Mwezi wa kumi uliofuata Docteur Bonfils aliyasema yote, macho chini, haraka, na wanafunzi hawakupiga makofi.

Mwaka huu alijaribu ujanja. Darasa lilikuwa jipya, sura hazimjui, na mkurugenzi wa shule alikuwa amekaa nyuma. Akamaliza farasi, akamaliza tiketi, akamaliza zebaki. Akakohoa. "Hata hapa kwetu," akasema, "kulikuwa na daktari mmoja, alimupokea mutoto anaitwa Khadidja, hakumugusa tumbo."

Shuka likasogea. Asiya aliinuka kwa kiwiko juu ya kitanda cha maonyesho, na vichwa vyote vikamgeukia.

"Daktari gani, Docteur?"

Profesa aliitafuta meza kwa mkono wake, akaishika.

"Mimi," akasema.

Asiya akalala tena, akavuta shuka mpaka kifuani, akaanza kuugua.